Kisu Kilichotakaswa

Edvina alipofika Ijumbi na mkoba wake wa madodoso, mimi ndiye niliyempokea barabarani. Sikuwa na kazi. Wiki ile hakuna aliyekuwa amefariki.

Nieleze hapo, nisije nikaonekana mtu wa ajabu. Kwetu mtu akifariki, majirani huingia kibanjani mwa wafiwa, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, na kukata majani ya migomba, ya kutandika na ya kuezekea banda la waombolezaji, kisha huangusha mikungu ya kupika. Kila mtu huja na kisu chake. Lakini lazima awepo mmoja anayejua mgomba upi ukatwe na upi uachwe, na kwa miaka ya karibuni mtu huyo nimekuwa mimi, Gamaliel. Nina muhoro, kile kisu chetu kilichopinda mbele kama mdomo wa ndege, na ulikuwa mweusi tititi kwa utomvu. Niliuonea fahari weusi ule. Kisu kinachong'aa, nilikuwa nikisema, ni cha mtu anayelala mchana.

Kabla ya hapo nimezunguka. Nimevuna kahawa Uganda, nimechunga ng'ombe wa watu Karagwe, nimebeba magunia Bukoba mjini katika duka la Mzee Suryakant. Shule nayo niliiokota njiani: darasa la pili kwa masista, la tatu sikumbuki wapi, la nne kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa tayari na ndevu. Nilirudi Ijumbi uzeeni, na kaka yangu Kahangwa akanipa chumba nyuma ya nyumba yake. Kaka alipofariki, mke wake Jovina hakunifukuza. Ninamwita mulamu, yaani shemeji, na yeye ananiita hivyo hivyo. Chakula chake ndicho ninachokula.

Edvina ni mjukuu wao. Amekulia Bilele, mjini, baba yake ni karani. Sasa yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, Morogoro, anasomea sayansi ya kilimo.

"Mume wangu," aliniambia akishuka kwenye gari, maana mjukuu na babu hutaniana hivyo, "umezeeka kuliko nilivyokuacha."

"Nakusubiri wewe usome umalize. Kusubiri kunazeesha."

"Basi nisaidie nimalize. Nina nyumba arobaini na sita za kuuliza maswali, na watu wa huku hawanijui."

Alinieleza kazi yenyewe tukipanda kilima. Alitaka kujua mnyauko wa migomba unavyosafiri kutoka kibanja hadi kibanja. Ugonjwa huo tunaujua, wengine wanauita unyanjano. Jani linageuka njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani ni kahawia, na ukikata shina linatoa usaha wa njano. Kibanja kizima kinakwenda. Wataalamu, alisema, wanajua njia mbili kubwa. Moja ni wadudu wanaotua kwenye ua la mgomba. Nyingine ni visu. Kisu kikikata mgomba mgonjwa kisha kikakata mzima, kimepanda ugonjwa. Yeye alitaka kujua ni njia ipi inayotumaliza sisi wa Ijumbi.

"Kibanja cha Bibi kilikufa miaka minne iliyopita, baada ya msiba wa Babu Kahangwa," alisema. "Nilikuwa kidato cha tano. Ndiyo maana nilichagua kilimo. Wenzangu walinicheka, wakasema unakwenda chuo kikuu kusomea jembe?"

Sikumjibu. Nilikuwa na sababu yangu, na heri niitoe sasa hivi.

Siku tatu kabla ya msiba wa kaka yangu nilikuwa upande wa Karagwe, kwenye msiba mwingine. Nilikata pale mgomba mmoja, shina likatoa kitu cha njano, kizito, kama maziwa yaliyoharibika. Niliufuta muhoro kwenye jani, nikaendelea. Ndipo ikaja habari kwamba Kahangwa hayupo. Nikapanda gari na muhoro wangu, nikaingia kibanjani mwake, na kwa kuwa alikuwa kaka yangu nilikata mimi mwenyewe, mashina mengi, bila kumpisha mtu. Baada ya miezi mitatu migomba ilianza kulegea, na ilianzia pale pale nilipokata. Jovina aling'oa kila kitu, akapanda viazi na mihogo, akasubiri, na mwaka juzi akaanza upya na miche thelathini misafi aliyopewa na bwana shamba. Mimi nilimsaidia kuchimba mashimo. Hakuna aliyeniuliza kitu, nami sikusema.

Basi nikawa ninamzungusha Edvina kwa majirani. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Privatus, mtu mwenye maneno mengi na migomba michache. Alituketisha, akampa mgeni kahawa ya kutafuna, akajibu maswali kama mtu aliyeitwa mahakamani na anafurahia.

"Swali la kumi na saba," Edvina alisoma. "Je, unatakasa vifaa vyako vya kukatia migomba? Ndiyo au hapana."

Privatus alijiweka sawa kwenye kiti, akamjibu kwa neno letu la heshima. "Ndiyo, waitu. Bila kukosa. Andika kwa herufi kubwa."

Edvina aliandika. Nilimwona amefurahi.

Nyumba ya pili, ndiyo. Ya tatu, ndiyo. Kwa Ishengoma mke alijibu ndiyo, na mume, aliyekuwa bado uani, akapaza sauti, "Ndiyo, na muandike na jembe." Kufikia nyumba ya nne nilikuwa nimeshaelewa, na nikaona kwamba Edvina hajaelewa.

Kila mwaka kabla ya mvua za vuli tunapeleka kanisani mbegu, majembe na visu. Padre anapita na maji ya baraka, anarusha huku na huku, anaomba: Ee Bwana, uzitakase zana hizi za wana wako. Kwa watu wa Ijumbi hilo ndilo neno kutakasa, na hatuna jingine. Mtu amebeba muhoro wake kilomita tano hadi parokia na kuurudisha umelowa maji ya baraka, halafu binti wa chuo anamuuliza kama anatakasa vifaa. Ajibu nini?

Neno hilo hilo kwa maana ya pili, ya bwana shamba, ya kuchoma kisu motoni au kukichovya kwenye jiki ili kuua vijidudu, mimi nililisikia Karagwe kwenye mkutano, nikiwa nimekaa nyuma. Edvina amelisoma miaka mitatu, hata akasahau kwamba lilikuwa la kanisa kwanza.

Ningeweza kumwambia siku ile ile. Lakini nilifikiri hivi: akijua kwamba majibu yale ni ya kanisani, atavirudia visu. Akivirudia visu, atauliza nani alikata wapi, na baada ya msiba upi. Na mtu aliyekata kwenye misiba yote ni mmoja.

Alipofika kwangu mimi, kwa mzaha, akiwa ameketi kwenye kizingiti changu, "Babu Gamaliel, unatakasa vifaa vyako?" nilimwambia, "Ndiyo."

Baada ya siku nane alitandaza karatasi zake kwenye mkeka wa Jovina. Jovina alikuwa anamenya ndizi. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Bibi, sikuamini," alisema Edvina. "Arobaini na tatu kati ya arobaini na sita wanatakasa visu. Chuoni tunafundishwa kwamba wakulima hawafanyi. Nimempigia msimamizi wangu, amesema kama ni hivyo basi visu vya Ijumbi havina kosa, niandike kwamba ni wadudu."

"Kwa hiyo hao wadudu ndio walionimaliza," alisema Jovina.

"Inaelekea. Wewe endelea kuvunja yale maua kwa mti wenye panda, wadudu wasitue, kama ulivyofundishwa. Hilo ndilo kubwa."

"Na wakataji? Mwaka huu migomba inazaa, na watu wananiomba majani. Nimekuwa nawakatalia, wananiita mchoyo."

"Wape tu, Bibi. Visu vyao ni visafi."

Jovina aliangalia nje, kwenye mashina yake thelathini. Alikuwa ameyapanda mbali kidogo na kaburi la kaka, ambalo liko humo humo kibanjani kama desturi yetu ilivyo. "Nitapumua," alisema. "Si vizuri kuwanyima watu majani ya msiba."

Ningetakiwa kufurahi. Nimesafishwa na chuo kikuu. Lakini ile kauli ya nitapumua ilinikaa vibaya, na ndizi zake siku ile nilizila nusu.

Kesho yake Edvina alikuwa anakwenda Bukoba kuchapisha ripoti, nikamwambia nitamsindikiza. Alidhani ninataka kutembea, kwa kuwa miguu yangu watu wanaijua. Alipoingia kwa mchapaji nilikwenda hadi duka la Suryakant. Mzee mwenyewe alishafariki, na familia nyingi za Wahindi zimeondoka, ila mwanawe Vipul bado yuko, anauza misumari, kamba na rangi. Alikuwa mtoto nilipokuwa nabeba magunia pale.

"Gamaliel," alisema, "wewe hujafa tu?"

"Nimejaribu, nikakosa nafasi."

Alinipa kigoda. Juu ya kaunta ilikuwepo mizani ile ile ya baba yake, ya shaba, na mkufu wa maua ya njano umekauka juu yake. Niliyakumbuka. Kila mwaka kwenye sikukuu yao, mama yake, Parvati, alikuwa akiivisha mizani maua na kuipaka nukta nyekundu, na sisi wapagazi tunapewa vitamu.

"Bado mnaitakasa mizani," nilisema.

"Ile ibada? Bila shaka. Mke wangu hawezi kuiacha."

"Sasa, ikishaombewa hivyo, mnaiosha tena?"

Vipul alinitazama kama mtu anayeona uzee umeanza kunichanganya. "Kila Jumamosi, kwa limau na majivu. Hukumbuki? Wewe ndiye uliyekuwa unaisugua. Siku moja ulimwambia baba kwamba imeshaombewa, huna haja ya kuisugua, akakuwekea limau la pili."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilikumbuka mpaka ukali wa lile limau kwenye vidonda vya vidole. Mzee Suryakant alikuwa amesema, maua ni ya Mungu, uchafu ni wako wewe. Alisema kwa Kiswahili chake kibovu na wote walicheka.

Nilikaa pale kidogo. Vipul akawa anahudumia mtu wa misumari. Halafu nikaaga.

Edvina nilimkuta stendi, ripoti ndani ya bahasha ya kaki, gari la Muleba la kuturudisha kwetu bado halijajaa. Tulikaa kwenye benchi la mama wa chai.

"Mjukuu wangu, lile swali la kumi na saba."

"Limefanyaje?"

"Rudi ukaliulize tena. Ila usiseme kutakasa. Uliza hivi: ukitoka mgomba mmoja kwenda mwingine, unakichoma kisu motoni?"

"Si ndiyo maana yake, Babu."

"Kwako. Kwa Privatus maana yake ni padre."

Nilimwona anasoma tena ndani ya kichwa, nyumba moja moja. Kisha akaanza kucheka, akafunika mdomo kwa bahasha. "Muandike na jembe," alisema. "Mungu wangu. Muandike na jembe." Akacheka mpaka mama wa chai akacheka bila kujua kitu. Halafu akaacha ghafla.

"Msimamizi wangu aliniambia nifute swali linalofuata. Lilikuwa linauliza kwa njia gani. Alisema dodoso ni refu." Aliigeuza bahasha mkononi. "Na mimi nimebatizwa parokia ya Bukoba, nimeshika mbegu mbele ya padre nikiwa na miaka sita. Sikulisikia neno langu mwenyewe." Akanigeukia. "Wewe ulijua lini?"

"Nyumba ya nne."

"Nyumba ya nne. Babu, siku nane umetembea na mimi."

"Nimetembea."

"Na wewe mwenyewe ulijibu ndiyo."

Ndipo nikamwambia mengine. Karagwe, usaha wa njano, jani nililofutia, msiba wa kaka, mashina niliyokata bila kumpisha mtu. Sikupamba. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akatoa kalamu.

"Ilikuwa tarehe ngapi?"

Nilimtajia. Aliandika juu ya bahasha ile ya ripoti, kwa mwandiko mkubwa kuliko kawaida yake. Akauliza na msiba uliofuata ule wa kaka, na uliofuata huo. Niliikumbuka yote. Misiba ndiyo kalenda yangu. Kila nilipotaja nyumba alitazama karatasi nyingine, ya vibanja vilivyougua, na mara tano aliweka alama.

"Jina lako sitaliandika," alisema mwishoni. "Utafiti hauandiki majina ya watu."

"Andika usiandike. Bibi yako atajua."

"Nimwambie mimi?"

"Hiyo si kazi ya chuo."

Ripoti ile hakuiwasilisha. Alimpigia msimamizi, akasema ana kosa la neno na anaomba wiki mbili. Sauti ya simuni ilisikika mpaka kwangu, na haikuwa ya furaha. Alizunguka upya nyumba zote arobaini na sita, safari hii bila mimi. Waliochoma visu walikuwa wawili, na mmoja wao, kama Privatus alivyoniambia baadaye, hukichoma ili awashie kiko chake.

Mimi nilimwendea Jovina siku ile ile tuliyorudi. Jua lilikuwa bado juu. Alikuwa kibanjani anaweka majani makavu kwenye mashina, na nilimsimulia nikiwa nimesimama. Hakuacha kazi mpaka nilipofika kwenye ule usaha wa njano.

"Ulikuwa unajua, mulamu?"

"Siku ile, hapana. Ilipoanza kulegea pale nilipokata, nilijua."

"Kwa hiyo nilipokuwa nang'oa, ulijua."

"Nilijua."

"Ulipokuwa unanichimbia mashimo."

"Ndiyo."

Alipangusa mikono kwenye kanga. "Nilidhani unachimba kwa sababu ya kaka yako," alisema. "Lete huo muhoro."

Nilimletea. Aliuchukua ndani, na kwa wiki mbili sikuuona. Chakula kiliendelea kuja, sahani ile ile, saa ile ile. Maneno hayakuja. Nilifunga kifurushi changu mara mbili, kama nilivyozoea nikiharibu mahali, na mara mbili nikakifungua. Sikuwa na mahali pa kwenda ambako nisingeanza kukata migomba ya mtu.

Kisha Anatolia, mama wa jirani yetu Byarugaba, akafariki, mzee sana. Asubuhi wanaume wakaja kwa Jovina kuomba majani, maana kibanja cha Byarugaba ni kidogo na majani yake yalikuwa yameshamalizika. Walikuwa kama kumi na wawili, kila mmoja na kisu chake. Jovina alitoka, akawasalimu, akawapa pole. Halafu akaniita kwa jina, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Gamaliel. Washa moto hapo kwenye njia ya kuingilia."

Niliwasha. Edvina alikuwa amenieleza kipimo: kisu kikae mpaka kiwe hakishikiki. Wanaume walitazama moto, wakanitazama mimi.

"Wa nini?" aliuliza Privatus.

"Kila kisu kipite hapa kabla hakijagusa mgomba wa mulamu wangu," nilisema. "Na kila ukihama shina, unarudi."

"Visu vyetu vimetakaswa. Mwezi wa tisa, wewe mwenyewe ulikuwa mstari wa mbele."

"Na wewe umebatizwa, Privatus, lakini unaoga."

Waliocheka walicheka kwa adabu, ya msibani. Byarugaba mwenyewe, mfiwa, hakucheka. "Tunaharakisha mazishi, mzee," aliniambia taratibu. "Huu ndio wakati wa kutufundisha?"

Lilikuwa swali la haki, na nilitazama nyuma, nikidhani Jovina atasema kitu. Alikuwa anatazama moto. Ilinibidi mimi.

"Kaka yangu nilimzika kwa kisu cha haraka kama hii," nilisema. "Nilitoka nacho kwenye msiba wa Karagwe, sikukichoma, nikakimaliza kibanja cha mke wake. Si wadudu. Ni mimi. Na nilipotoka hapa nilikwenda kwa Ishengoma, na kwa Omary, na nyumba nyingine mnazozijua."

Ishengoma alikuwa katikati yao. Alipoteza kibanja chote mwaka ule. Alinitazama muda ambao sitaki kuupima, kisha akasogea, akapitisha kisu chake motoni, akakigeuza upande wa pili, akaingia kibanjani. Mwingine akafuata. Byarugaba alikuwa wa tano. Privatus alikuwa wa mwisho, akilalamika kwamba moto unaharibu makali, na hilo ni kweli, unaharibu.

Walipokuwa ndani wote, Jovina alinijia akiwa na kitu kwenye kitambaa. Ulikuwa muhoro wangu. Hakunipa mkononi. Aliutupa kwenye makaa, na utomvu wa miaka ukaanza kutoa povu na kunuka, ukabanduka vipande vipande, na chini yake chuma kilikuwa cha kijivu tu, kama chuma cha mtu yeyote.

"Kikipoa, kata yale ya pembeni," alisema. "Yale ya karibu na kaka yako uyaache."

Edvina alikuwa amesimama karibu na ukuta na dodoso lake jipya mkononi, lakini hakuandika. Alikuwa anahesabu ni mara ngapi kila mmoja wetu anarudi motoni.